Alama ya Vema

Mtaa mzima ulimwita Mama Chaki, na hata yeye mwenyewe akipigiwa simu na mtu asiyemjua vizuri alijitambulisha hivyohivyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika mtaa wa bondeni, ule uliobanwa kati ya mto na barabara ya lami. Siku za chanjo alipita mlango kwa mlango, akawatia watoto matone mdomoni, kisha akaandika kwa chaki pembeni mwa mlango: alama ya vema, idadi ya watu, tarehe. Malipo yake kwa miaka yote hiyo yalikuwa semina nne, fulana tatu na mwavuli mmoja ambao upepo uliupindua wiki ya kwanza. Lakini ukikutana naye njiani na begi lake kwapani, ungedhani ni waziri anakwenda kuzindua daraja.

Chaki zake alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga zisipate unyevu. Alikuwa na sheria moja, na aliwafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake. "Chaki haiandiki ulichoambiwa," alisema, "inaandika ulichokiona." Ukiambiwa mtoto amelala, mwamshe umwone. Ukiambiwa yuko kwa bibi yake, nenda kwa bibi. Vijana walimcheka pembeni, wakasema mama huyu hata maiti angeitaka itoe ulimi. Alijua wanamcheka, na hakujali.

Sasa kimbunga kilikuwa kinakuja.

Watu wa hali ya hewa walikuwa wamekitangaza kwa siku tano. Walikipa jina zuri la kike, jina la bibi harusi kabisa, ambalo mimi sitaki kulitia mdomoni. Siku ya kwanza watu walifanya mzaha: huyo bibi harusi anaolewa na nani, tumwandalie zawadi gani. Siku ya tatu mzaha ulikauka wenyewe. Bahari ilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu, lakini mto ndio uliowatia hofu wenye akili. Asubuhi ya siku yenyewe, takataka zilizokuwa zikiteremka kwenda baharini miaka nenda miaka rudi zilisimama katikati ya maji, zikazunguka kidogo, kisha zikaanza kurudi. Malapa, chupa, kiti kisicho na mguu, vyote vilikuwa vinapanda mto. Mama Chaki alisimama ukingoni akavitazama. Jambo hilo alikuwa amelishuhudia mara moja tu maishani, miaka kumi na moja nyuma.

Mwaka ule kimbunga kilikuja bila adabu ya kutangazwa mapema. Mama Chaki alikimbia mlango kwa mlango tangu alfajiri, akiwahimiza watu waende kwenye ukumbi wa kata, jengo jipya ambalo hata rangi yake ilikuwa bado inanuka. Wengi walimtii kwa sababu alikuwa ni yeye. Saa sita mchana ukuta wa nyuma wa ukumbi ulilala chini, na paa likaufuata. Walikufa watu wanne. Wale wabishi waliogoma kuhama walipanda juu ya mabati yao, wakalowa, wakatetemeka, kesho yake wakashuka wazima. Na waliorudi kutoka ukumbini, wakiwa na majeraha yao, walikuta wezi wameshapita, wamebeba mpaka masufuria. Kwa hiyo ukiwauliza watu wa bondeni kwa nini hawapendi kuhama, jibu unalo.

Mmoja wa wale wanne alikuwa binamu yake, fundi redio, mtoto pekee wa shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea Mama Chaki tangu akiwa na miaka mitano, mama yake mzazi alipofariki. Alikuwa mfuaji wa hospitali mpaka alipostaafu, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa ya kufulia na ulimi uliobabua wengine. Alipofiwa na mwanawe hakumlaumu Mama Chaki kwa neno hata moja, si msibani, si baadaye. Aliacha tu kumwita mwanangu. Tangu siku ya mazishi alimwita Bi Afya, mbele ya watu na hata wakiwa wawili tu. Karibu Bi Afya. Kaa hapo Bi Afya, kuna chai. Wengine walidhani ni utani wa kifamilia. Mama Chaki alikuwa akitoka pale akilia njia nzima, mtu mzima na fulana yake ya semina.

Saa moja asubuhi afisa wa kata aliwakusanya wahudumu nje ya ofisi yake. Alikuwa hajalala, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo.

"Safari hii si ukumbini," alisema. "Ni shule ya sekondari, kule mlimani. Ghorofa mbili, zege tupu. Upepo wenyewe unafika saa kumi na mbili jioni, lakini mto utatangulia. Kalvati la pale mnaposhukia bondeni, maji yakishalifunika, hakuna gari litakaloingia wala kutoka. Tumeelewana?"

"Na wazee? Na wasiojiweza?" Mama Chaki aliuliza.

"Lori la taka litawapitia saa nane. Tumelipiga maji, linanuka kidogo, watanisamehe. Sasa sikilizeni. Nyumba ikishabaki tupu, mnaweka vema. Lori likiona vema halisimami. Mlango usio na vema, wapakiaji wanashuka, wanabisha hodi, wanabeba. Hatuna muda wa kubisha milango mitupu."

Mama Chaki alipewa nyumba themanini na tatu. Alianza na za juu.

Asubuhi ile haikuwa na upepo hata wa kutikisa kamba ya nguo. Joto lilikuwa zito, na mbingu upande wa bahari ilikuwa na rangi ya shaba iliyosahauliwa jikoni. Sisimizi walipanda kuta kwa misafara, kila mmoja na yai lake mdomoni. Mbwa wa mtaani walikuwa wameondoka tangu jana yake bila kuaga. Alibisha, akaingia, akahesabu vichwa, akasimama mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke na kufuli lifungwe, ndipo akaandika. Baadhi walitoka upesi. Wengine walitaka kwanza kubishana.

"Mama Chaki, leo unachanja nini?" fundi cherehani mmoja alimuuliza kutoka ndani, mguu uko kwenye pedali, mke na watoto watatu wamekaa kitandani nyuma yake.

"Leo nachanja ubishi. Ukimaliza dozi, unapanda mlimani."

Fundi alicheka sana. Akasema anamalizia sare za watu, akimaliza tu anafunga. Mama Chaki alimtazama, akatazama kitambaa kilichobaki, akaondoka bila kuweka alama. Mlango ule aliuachia lori. Alifanya hivyo kwa kila aliyesema nakuja, sasa hivi, dakika moja. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini wapakiaji wa lori walikuwa na mikono.

Saa sita na nusu alifika kwa shangazi yake, nyumba ya mwisho kabla ya mto, akiwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa amepanga maneno tangu jana yake. Alikuta kitanda cha chuma kimetandikwa, mabeseni matatu yamefunikwa moja juu ya jingine, pasi imewekwa juu ya kabati, na shangazi amekaa kwenye kigoda akiwa na furushi lililokwisha fungwa miguuni.

"Nimeshafunga," shangazi alisema. "Huyu jirani mwenye mkokoteni anampeleka mama yake. Kasema nafasi ipo, atanipitia."

Mama Chaki alibaki na maneno yake yote mdomoni. "Basi nikungoje, Shangazi. Nikuone unapanda."

"Unione nimekuwa mtoto wa chanjo? Umebakiza nyumba ngapi?"

"Thelathini na moja, zote za kando ya mto."

"Nyumba thelathini na moja, halafu unakaa hapa kunitolea macho. Nenda, mwanangu. Weka alama yako uende, watu wanakungoja."

Mwanangu. Miaka kumi na moja alikuwa amelingoja neno hilo, na lilipokuja lilimpiga kifuani hasa. Alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema mambo mengi, ila alihisi akifungua mdomo atalia, na nyumba thelathini na moja hazihitaji mtu anayelia. Aliishika mikono ya shangazi yake, akaibusu, akatoka. Chaki ilikuwa tayari mkononi. Aliandika vema, akaandika moja, akaandika tarehe, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa chaki yake iliandika alichoambiwa.

Saa tisa alikuwa mlimani, kwenye veranda ya shule, miguu imevimba. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa yaliyoachana achana. Lori lilikuwa limemaliza mzunguko na kushusha wazee wake. Mumewe na binti zake wawili walikuwa ghorofani tangu asubuhi. Mama Chaki alipita darasa kwa darasa na daftari lake akitafuta sura moja. Akamwona jirani mwenye mkokoteni anakamua shati lake, mama yake ameketi juu ya dawati.

"Shangazi yuko chumba gani?"

"Shangazi yako?" Yule jirani alishangaa. "Si kaniambia anakuja na wewe? Nilimbishia mlango kabisa. Akanijibu kwa dirishani, niende zangu, Bi Afya yuko njiani."

Mama Chaki alishuka ngazi bila kujua anashuka. Dereva wa lori, ambaye watu walimwita Breki kwa sababu hakuwahi kuonekana akiitumia, alikuwa anafunga turubai.

"Nyumba ya mwisho kabla ya mto," alimwambia. "Ulisimama?"

"Ile ina vema. Nimeiona kwa macho yangu."

"Hiyo vema niliweka mimi."

"Ulimwona akitoka?"

Swali lile lilikuwa la Mama Chaki, la kuwauliza wengine. Breki alimtazama usoni, akaacha kamba ya turubai.

"Maji yako ukingoni mwa kalvati," alisema. "Nashuka mara moja, nageuza, napanda. Robo saa. Nikipiga honi mara tatu nimeondoka, na usinililie. Hawa vijana wangu wawili wana wake zao."

Waliteremka kwa kasi, wapakiaji wawili wamening'inia nyuma. Kwenye kalvati maji ya kahawia yalikuwa yanalamba ukingo. Upepo sasa ulikuwa umeamka; ulikuja kwa vipande, unapiga, unanyamaza, unapiga tena.

"Ila watu wako leo wamesikia," Breki alisema. "Nilidhani nitabeba mtaa mzima. Milango karibu yote nimekuta ina vema."

"Karibu yote?"

Mama Chaki alikuwa ameacha milango ishirini na sita bila alama, kwa makusudi, ili lori lisimame. Alifuta ukungu wa kioo kwa kiganja, akatazama nje. Vema. Vema. Vema. Alizijua za mkono wake: fupi, na chini yake idadi na tarehe. Hizi nyingine zilikuwa na mikia mirefu, zimechorwa kwa vipande vya chaki za watoto, nyingine kwa mkaa, hazina idadi wala tarehe. Ujanja wenyewe haukuwa mpya. Siku za chanjo, waliochoka kupigiwa hodi walijichorea wenyewe, naye aliwabaini, akawagombeza, wakacheka pamoja. Mchana huu walikuwa wamejichorea ili lori liwapite. Kupitia mlango mmoja wenye vema alisikia redio. Chini ya mwingine moshi wa jiko ulikuwa unatoka.

"Simama!" alisema.

Aliruka chini mbele ya nyumba ya fundi cherehani. Vema ya mlangoni ilikuwa imechorwa vizuri sana, kwa chaki ya kupimia nguo. Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Si umeona alama?" sauti ya fundi ilitoka ndani. "Hatupo!"

Mtoto alicheka humo ndani.

"Fungua! Mto unarudi nyuma! Nakuomba, fungua!"

"Hata mwaka ule ulirudi nyuma, Mama Chaki. Tukapanda juu, tukapona."

"Mwaka ule mvua ilikuwa haijanyesha juu milimani. Leo maji yatatoka pande zote mbili. Toa watoto basi, nipe watoto tu!"

Cherehani ilisimama humo ndani. Kisha fundi akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza jambo analotaka kulijua kweli: "Wale uliowapeleka ukumbini wako wapi?"

Breki alimpigia kelele kutoka dirishani. Dakika nne zilikuwa zimekwisha pale. Mama Chaki alisimama mbele ya mlango ule akiwa na uhakika kwamba angemgeuza fundi, angempata, dakika kumi tu na angempata. Alikuwa ameshageuza wabishi kuliko huyo. Alirudi kwenye lori.

Shangazi alifungua mlango mara ya kwanza tu alipogongewa. Furushi lilikuwa limefunguliwa. Maji yalikuwa yameingia sakafuni, yamefika kwenye kifundo, na yeye alikuwa amevaa ndala zake ndani ya maji hayo.

"Umerudi," alisema.

"Ulinidanganya, Shangazi."

"Nilikudanganya. Ungekubali vipi? Mimi kwenye jengo la kata sikai tena, liwe la zege, liwe la dhahabu. Aliyekuwa wangu nilimpeleka huko kwa mikono yangu."

"Nilimpeleka mimi!" Mama Chaki alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyebisha hodi, mimi ndiye niliyesema ukumbini ni salama. Miaka kumi na moja nangoja unitukane. Nitukane basi! Ila unitukanie kwenye lori."

"Kwenye lori la taka?"

"Ndiyo, kwenye lori la taka!"

Shangazi alitikisa kichwa, akarudi kukaa kitandani. Nje honi ililia mara moja. Mama Chaki alitazama maji, akatazama mlango, kisha akaenda akaketi pembeni ya shangazi yake, bega kwa bega, na kuweka begi lake mapajani.

"Unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Nakaa."

"Una watoto wewe! Una mume!"

"Ninao."

"Inuka, mwendawazimu! Inuka nakwambia!" Alimsukuma kwa vidole vyake vile, akampiga begani, mara mbili, mara tatu, na Mama Chaki hakuondoka. Honi ililia mara ya pili. Hapo shangazi alisimama, akamshika mkono kwa nguvu kama alivyomshika alipokuwa na miaka mitano na wanavuka barabara, akamtoa nje ndani ya maji. "Nimezika mmoja," alisema, "huyu simziki." Wapakiaji waliwanyanyua wote wawili, wakawasukuma kwenye kibanda cha dereva.

Breki aligeuza lori kwa mara tatu katika njia ile nyembamba, magurudumu yakatupa maji mpaka madirishani. Upepo ulikuwa hauachi tena kipande cha kunyamaza. Bati moja lilipita juu yao likiruka peke yake.

Walipofika kwenye njia ya fundi cherehani, shangazi alisikia. Redio, na sauti ya watoto wakiimba ili wasiogope. Alitazama mlango, akaona vema. Alitazama wa pili, na wa tatu uliokuwa na mwanga wa taa chini yake.

"Humu kuna watu," alisema. "Simamisha gari."

Breki alipunguza mwendo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Mbele yao, kwenye kalvati, maji yalikuwa yameshapanda juu ya lami, upana wa mkono hivi, yanavuka kwa haraka. Dereva hakumtazama shangazi. Alimtazama Mama Chaki. Mtaa ulikuwa wa Mama Chaki, milango ilikuwa ya Mama Chaki, na yeye angesimama kama angeambiwa.

Mama Chaki alikuwa ameshika mkono wa shangazi yake. Alihesabu kichwani: dakika kumi za fundi, na watoto watatu. Akahesabu vijana wawili waliojishikilia nyuma ya lori kwenye mvua. Akahisi vidole vile vilivyobabuka ndani ya vyake, vya moto, viko hai.

"Endesha," alisema.

"Simamisha, mwanangu," shangazi alisema tena, polepole.

"Endesha, Breki."

Lori liliingia majini. Kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kalvati dirisha lilifunguka kidogo, na mtu asiyeonekana uso alitoa mkono akawapungia kwa uchangamfu, kama watu wanaowatakia wenzao safari njema. Mama Chaki alitazama mbele. Shangazi aliutoa mkono wake katika wa Mama Chaki, akawapungia.